Nani Aliruhusiwa Kujisahihisha?

Januari 1962, wiki chache baada ya Tanganyika kupata uhuru, Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia kiti Rashidi Kawawa na kurudi kukijenga chama chake, TANU. Mwaka huo aliandika vijitabu viwili. Kimoja, kuhusu ujamaa, kilisomwa hadi ng'ambo na kujadiliwa na wasomi wa kila aina. Cha pili, Tujisahihishe, kiliwalenga wanachama wa TANU wenyewe, kwa Kiswahili cha kawaida, na nje ya mipaka yetu hakikupata umaarufu ule. Ni kijitabu chembamba ambacho mtu anaweza kukimaliza kwa mkao mmoja. Ndani yake Nyerere anawasema wenzake bila kuwapaka mafuta. Anawalaumu wanaolipima jambo kwa kutazama nani kalisema badala ya kutazama kasema nini. Anawalaumu wanaonyamaza kikaoni kisha wakatoka kwenda kuteta pembeni. Anaeleza kwamba ukweli hauchagui mkubwa wala mdogo, na kwamba anayeupuuza atalipizwa. Chama kilikuwa na umri wa miaka minane tu, kimeshinda kwa kishindo, na kiongozi wake anawaambia washindi kwamba wanaumwa.

Kijitabu hicho hakikutokea hewani. Miongoni mwa ahadi ambazo kila mwanachama wa TANU alizitamka ilikuwamo ahadi ya kusema kweli daima na kuiona fitina kuwa mwiko. Watoto wa shule walizikariri ahadi hizo, na hata CCM, chama kilichoirithi TANU, ilipozaliwa zilihamia humo. Kwa hiyo tunapoizungumzia Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 tunazungumzia nchi iliyojaribu, kwa makusudi na kwa maandishi, kuufanya ukweli kuwa desturi ya siasa. Jambo hilo si dogo, na halikuwa la kawaida katika Afrika ya wakati ule, wala katika Ulaya ya wakati ule. Hoja yangu ni kwamba desturi hiyo ilikuwa ya kweli, lakini ilijengwa kwa namna ambayo aliyekaa juu peke yake ndiye angeweza kuitekeleza bila kuhatarisha kibarua chake, uanachama wake au uhuru wake. Na ukweli unaoruhusiwa kushuka tu, usioruhusiwa kupanda, mwisho humfikia hata huyo wa juu umechelewa.

Tuanze na pale ilipofanya kazi, kwa maana ilifanya kazi. Mapema mwaka 1977, TANU ilipokuwa ikijiandaa kuungana na ASP ya Zanzibar, Nyerere alitoa ripoti ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, tamko lake la ujamaa na kujitegemea. Mwenyekiti wa chama tawala anayeandika tathmini ya sera yake mwenyewe kwa kawaida huanza na mafanikio, na mafanikio yalikuwapo: shule, zahanati, visima, kampeni za elimu ya watu wazima. Ripoti ile inayataja. Lakini mapema kabisa inakiri kwamba baada ya miaka kumi Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala nchi inayojitegemea. Inaeleza kwamba kilimo kimeyumba, kwamba mkonge uliokuwa ukiliingizia taifa fedha nyingi umeporomoka, kwamba mashirika ya umma yanafanya kazi chini ya uwezo wao na kwamba nidhamu kazini ni mbovu. Hakuna aliyemshikia bunduki ayaseme hayo. Hakuwa na uchaguzi wa kuuhofia wala chama cha upinzani cha kukitangulia. Aliyasema kwa sababu aliamini kwamba yanapaswa kusemwa.

Januari ya mwaka huohuo kuna tukio jingine linalopaswa kuwekwa kwenye mizani. Mwaka uliotangulia, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, polisi na maofisa wa usalama waliwakamata watu wengi katika msako wa waliotuhumiwa kwa mauaji ya kishirikina. Waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Habari zilipofika juu, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakuwa ameagiza mateso hayo. Pamoja naye aliondoka waziri mwenzake, Peter Siyovelwa, na wakuu wa mikoa hiyo miwili. Baadhi ya maofisa waliohusika walifikishwa mahakamani. Mwinyi hakuzikwa kisiasa kwa kuwajibika: alipelekwa ubalozini Misri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akamrithi Nyerere mwenyewe. Ndiyo maana mpaka leo jina lake hutajwa kila waziri anapong'ang'ania kiti.

Sasa tugeuze upande wa pili. Mwaka uleule wa 1962 ulioleta Tujisahihishe ulileta pia sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Sidhani kwamba Nyerere aliona mgongano wowote kati ya viwili hivyo. Kijitabu kilikuwa cha wanachama wenye nia njema. Sheria ilikuwa ya maadui wa taifa. Shida ilikuwa moja tu, nani wa kuwatenganisha hao wawili, na kazi hiyo ikaangukia kwa walewale waliopaswa kukosolewa. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwavua uanachama wabunge kadhaa, na kwa kuwa chama kilikuwa kimoja, ubunge wao ukaenda na maji. Miongoni mwa makosa yao ilikuwa kuhoji kama chama kiko juu ya bunge. Mwaka 1970 jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Cheche, lilipigwa marufuku, ingawa waandishi wake walikuwa wajamaa kuliko wajumbe wengi wa chama; kosa lao lilikuwa kuuchukulia ujamaa kwa uzito na kuuliza kwa nini hautekelezwi. Mwaka huohuo serikali ililitaifisha gazeti la The Standard, na Nyerere akatamka wazi kwamba gazeti hilo litakuwa huru kuikosoa serikali. Mhariri wake, Frene Ginwala, aliondolewa kazini mwaka 1971 baada ya tahariri iliyolaani mauaji yaliyofanywa na serikali ya Nimeiry nchini Sudan. Yaani hata kuikosoa serikali ya nchi nyingine kulitosha.

Mfano unaoniuma zaidi uko Songea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU, Ntimbanjayo Millinga akiwa mmoja wa viongozi wao, walikuwa wameanzisha kijiji cha Litowa, wakalima pamoja, wakajenga shule iliyowafundisha watoto wao kwa namna tofauti, wakawa na kiwanda cha kupasulia mbao. Kijiji kilizaa kijiji mpaka vikafika 17 chini ya umoja wao, Ruvuma Development Association. Nyerere alivipenda, na aliyoyaandika mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini yanadaiwa sana na aliyoyaona huko. Lakini wanavijiji wale walikuwa na tabia moja iliyowasumbua maofisa: waliamua mambo yao wenyewe, na ofisa akija na agizo wasiloliafiki walimweleza hivyo usoni. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo na mali yao ikachukuliwa. Nchi iliyokuwa ikitafuta vijiji vya ujamaa ilivipata 17 vilivyo hai, ikavivunja kwa sababu vilikuwa vikisema.

Baada ya hapo, mkuu wa wilaya yeyote mwenye macho alijua somo ni lipi, nalo tunaliona likifanya kazi katika uhamiaji wa vijijini. Kuhamisha watu kulianza kwa vipande: Rufiji baada ya mafuriko ya 1968, kisha Dodoma, kisha Kigoma. Isimani, mkoani Iringa, kulikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi waliofungua mashamba kwa matrekta, na hao hawakuona sababu ya kuyaacha. Siku ya Krismasi ya 1971 mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alikwenda Mkungugu na kumkuta Saidi Mwamwindi shambani kwake, wakabishana, na Mwamwindi akampiga risasi akamuua. Kisha akauchukua mwili na kuuendesha ndani ya gari hadi kituo cha polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Alihukumiwa akanyongwa. Kitendo chake ni mauaji na hakihitaji kupambwa. Lakini taifa lililojifunza kujisahihisha lingejiuliza baada ya mazishi ni kitu gani kimetokea baina ya mkulima na mwakilishi wa serikali yake mpaka hakukuwa na kikao, wala barua, wala mlango wa kubisha. Swali hilo halikuulizwa hadharani. Klerruu akawa shujaa wa ujamaa, Mwamwindi akawa adui wake, na jambo likafungwa.

Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi iwe imekamilika mwisho wa 1976. Mwishoni mwa 1973 waliohesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji hivyo walikuwa kama milioni 2. Mwaka 1976 walikuwa milioni 13. Ukiziweka tarakimu hizo mbili pamoja unaelewa kila kitu kuhusu ripoti zilivyoandikwa. Kwanza, sehemu ya hao milioni 13 hawakuhama hata hatua moja: penye msongamano wa watu, kama Kilimanjaro na Bukoba, palipo na watu tayari pakaitwa kijiji, na idadi ikapanda. Pili, waliohama kweli walihamishwa kwa malori ya serikali na jeshi, mahali pengi wakati usiofaa, nyumba za zamani zikabomolewa au kuchomwa ili wasirudi, na vijiji vipya vikapangwa kandokando ya barabara ambako mgeni kutoka makao makuu angeviona bila kushuka kwenye Land Rover. Mashamba yakawa mbali, maji yakawa mbali. Mkuu wa wilaya aliyeandika kwamba watu wake bado hawako tayari alikuwa akijiandikia kushindwa kwake mwenyewe. Jirani yake aliyeandika kwamba kazi imekamilika alipongezwa. Hakuhitaji kuwa mwongo kwa tabia. Alihitaji kuwa na watoto wanaosoma na mshahara unaowalisha.

Kisha ukaja ukame, bei ya mafuta ikapanda, na mwaka 1974 na 1975 nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Ukame ulikuwa wa kweli. Lakini mkulima aliyehamishwa wakati wa kupanda hakuhitaji ukame ili akose mavuno, na jambo hilo kila bwana shamba alilijua. Kwenye maelezo rasmi lawama ilibaki mawinguni.

Hapo ndipo inafaa kuirudia ile ripoti ya 1977 na kuisoma kwa jicho jingine. Inapofika kwenye uhamiaji, inakubali kwamba kuna mahali watu walitendewa vibaya na viongozi wasiojali. Kisha inajitetea: mamilioni ya watu hawangeweza kuhamishwa kwa nguvu nchini Tanzania, kwa sababu serikali haina uwezo huo wala haina nia hiyo. Nadhani aliyeandika aliamini alichoandika. Ndio ugumu wenyewe wa jambo hili. Mtu aliyekiri mbele ya dunia kwamba sera yake haijafanikiwa hakuweza kukiri namna ilivyotekelezwa, na sababu haikuwa kukosa ujasiri. Kushindwa kwa uchumi alikusoma katika hesabu za Hazina, ambazo hazimwogopi rais. Nguvu iliyotumika vijijini angeijua tu kwa kuambiwa na watu, na watu waliomzunguka walikuwa wamefundishwa kwa miaka 15 nini cha kumwambia. Kwenye mikutano walikuwa wakiitikia kwamba fikra sahihi za Mwenyekiti zidumu. Mtu aliyewaonya wenzake mwaka 1962 wasitazame nani kasema alikuwa amegeuka kuwa yule ambaye akishasema, basi.

Wapo watakaosema kwamba hata sifa ninayompa ni nyingi mno, kwamba kujikosoa kwake kulikuwa maonyesho: kiongozi anajilaumu kwa unyenyekevu, wananchi wanampenda zaidi, na hakuna kinachobadilika. Hoja hiyo ina chembe ya kweli, maana baada ya ripoti ya 1977 sera kubwa hazikubadilika haraka. Lakini haielezi kwa nini ripoti ile iliwakera wakubwa wenzake, wala kwa nini viongozi wengi wa enzi ile, waliokuwa na hamu ya kupendwa kuliko yeye, hawakuijaribu mbinu hiyo. Maonyesho yasiyoigwa na mtu huwa yana gharama. Na kuna ushahidi wa baadaye: mwaka 1984, katika mahojiano na jarida la Third World Quarterly, Nyerere alitaja mambo mawili ambayo asingeyafanya kama angeanza upya, kufuta serikali za mitaa mwaka 1972 na kuvifuta vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, na akaeleza kwamba walikuwa na pupa na walikuwa hawajui. Huko si kujipamba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema nchi changa haikuweza kumudu kila mtu aseme atakalo. Jeshi liliasi Januari 1964. Wareno walikuwa ng'ambo ya Ruvuma, wakipigana na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichokuwa na makao yake Dar es Salaam. Makaburu walikuwa na majasusi, na majirani kadhaa walipinduliwa usiku mmoja. Hatari hizo hazikubuniwa, na anayezicheka leo anasahau kwamba Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu mjini Dar es Salaam mwaka 1969. Lakini tuwatazame waliofungwa mdomo. Wanakijiji wa Litowa walikuwa mpakani mwa vita ile na hakuna aliyewashuku kuwauzia Wareno siri. Wakulima wa Isimani hawakuwa na uhusiano na Pretoria. Wanachama wa ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, chama kilichoundwa mwaka 1933 chini ya pua ya mkoloni, hawakupanga mapinduzi. Hatari ya nje ilikuwa ya kweli, na ikatumika kuzuia habari za ndani ambazo adui asingefaidika nazo hata kidogo.

Tatu, Nyerere mwenyewe alikuwa na jibu: wazee wa Kiafrika hukaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakakubaliana, hivyo hapana haja ya upinzani uliopangwa. Picha hiyo ni nzuri, na ina ukweli katika jamii nyingi. Ila chini ya mti ule mzee aliyekataa alirudi nyumbani kwake akiwa na ng'ombe wake walewale. Mkuu wa wilaya hakuwa mzee wa chini ya mti. Alikuwa na polisi, alikuwa na mamlaka ya kumweka mtu ndani, na alihamishiwa pale mwaka jana kutoka mkoa mwingine. Makubaliano mbele ya mtu wa namna hiyo huja haraka sana.

Ukweli uliokosa kikao ulitafuta pa kuishi, na kwa sehemu kubwa uliingia katika riwaya. Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, alichapisha Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975, ambamo mhusika mkuu anamuua ofisa wa serikali, na kila msomaji wa Iringa alielewa. Gamba la Nyoka ikafuata mwaka 1979, ikieleza uhamiaji kwa undani ambao hakuna ripoti ya chama iliyouthubutu. Tamthilia yake Kaptula la Marx ilisomwa kwa nakala za mkono kwa karibu miaka 20 kabla ya kuchapishwa mwaka 1999. Mwanahistoria anayetaka kujua mkulima alihisi nini mwaka 1974 atapata mengi katika vitabu vya kubuni kuliko katika majalada ya serikali.

Ndani ya serikali njia iliyobaki ilikuwa kuondoka. Mwishoni mwa 1979, baada ya vita vya Kagera kuikausha Hazina, Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, alimshauri Rais kwamba bila kupunguza thamani ya shilingi na kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mambo hayatakwenda. Walipishana, Mtei akajiuzulu. Unaweza kuupinga ushauri wake. Masharti ya Shirika hilo yaliumiza watu kote Afrika. Lakini alilolisema kuhusu hali ya fedha lilikuwa kweli, na taifa lilipolikubali mwaka 1986 maduka yalikuwa matupu kwa miaka.

Hasara ya kuchelewa haikuwa ya chumvi na sabuni tu. Sheria ya 1982 iliruhusu vyama vya ushirika virudi, na serikali za mitaa zikarejeshwa mwaka 1984. Kilichorudi kilikuwa jina na muhuri. Makatibu na wahasibu waliofunzwa kwa miaka 40 walikuwa wametawanyika, na mkulima aliyekiona chama chake kikifutwa siku moja hakukikabidhi tena kahawa yake kwa moyo uleule.

Februari 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize wananchi kuhusu mfumo wa vyama. Nyerere, ambaye sasa alikuwa nje ya uenyekiti, alikuwa ametangulia kusema kwamba mjadala huo usiogopwe. Zaidi ya watu 36,000 walitoa maoni yao, na takriban asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee. Tume haikuishia kuhesabu vichwa. Ilisikiliza malalamiko ya hao waliotaka chama kimoja, ikaona kwamba mengi yasingetibika ndani ya mfumo waliouchagua, ikapendekeza vyama vingi. Pia iliorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa. Pendekezo la vyama vingi lilitekelezwa mwaka 1992. Sheria ya kizuizini ya 1962 ilikuwa katika orodha ile ya 40, na Bunge la mwaka huo halikuifuta.